Sauti Iliyoingia Bila Hodi

Simu ilimkuta Kitinda kazini, mbele ya kompyuta, pembeni yake kikombe cha kahawa iliyokwisha kupoa. Mpigaji alikuwa kaka yake. Na kaka yake, kama humjui, si mtu wa kupiga simu asubuhi. Ni mtu wa kutuma ujumbe mmoja kwa wiki, tena wa neno moja.

"Sauti ya Mama imebadilika," akasema.

"Imebadilikaje?"

"Anaongea kama tangazo la benki. Baba amekataa chai, amekataa na dawa. Anauliza huyu mwanamke ameingiaje nyumbani kwake."

Kitinda akasimama. Jina hilo alipewa utotoni kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na lilimfuata shuleni, likamfuata hadi ofisini, ambako alikuwa mwandishi wa programu mwenye sifa zake. Aliinua begi lake, akalirudisha chini. Kukimbilia nyumbani kungesaidia nini? Ugonjwa ulikuwa kwenye kompyuta.

Sasa ngoja niwaeleze habari ya sauti hiyo, maana mtu akisikia mama fulani amebadilika sauti atadhani ni mafua.

Mama yake Kitinda alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Ukifundisha watoto wa umri ule miaka yote hiyo, wengine wanalia, wengine wanapigana, mmoja yuko juu ya dawati, koo lako halibaki salama. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, na alikuwa na tabia ya kuvuta mwisho wa neno kama anayengoja darasa limalizie. Halafu ikaja saratani ya koo. Madaktari wakasema koromeo litatolewa, na sauti itaondoka nalo.

Baba naye alikuwa fundi redio. Presha ya macho ilikuwa imemmaliza zamani, ukungu kwanza, kisha giza. Kwa hiyo ndani ya nyumba ile kungekuwa na mke asiyeweza kusema na mume asiyeweza kuona. Ukisema Mungu ana mzaha unaambiwa unakufuru, basi mimi nanyamaza.

Kitinda hakunyamaza. Kabla ya upasuaji alimketisha Mama jikoni, akafunga dirisha, akamrekodi akisoma sentensi baada ya sentensi. Zilikuwa sentensi za ajabu ajabu, zimetungwa na watu wa mbali ili kukusanya sauti zote za mdomo: mvua ilinyesha juu ya bati jekundu, yule ng'ombe hana haja ya kofia. Mama alicheka mpaka akakohoa. Baadaye maneno yale yalipelekwa kwenye maktaba.

Maktaba, kwa watu wa kompyuta, si chumba chenye rafu na mama mwenye miwani anayekuambia nyamaza. Ni kazi ambayo wengine wameshaifanya, na wewe unaiazima badala ya kuanza upya. Hii ilikuwa maktaba ya sauti: unaipa maneno uliyorekodi, inayatuma kwenye mashine kubwa za wenyewe huko ziliko, na inakurudishia sauti inayoweza kusema neno lolote utakaloandika. Ina mlango wa mbele, yaani amri chache zilizoandikwa kwenye mwongozo, ambazo wenyewe wameahidi hazitabadilika. Na ina vyumba vya ndani wanamofanyia shughuli zao. Kila kitu cha humo wamekiwekea kistari cha chini mwanzoni mwa jina, maana yake: hapa ni chumbani kwetu, tukiamua kesho kuhamisha kitanda tutahamisha, hatumwulizi mtu.

Kitinda alianza kwa mlango wa mbele, kama mtu mwenye adabu. Sauti ikatoka. Ilikuwa ya Mama, ila imepigwa pasi. Mkwaruzo haupo, ule mvuto wa mwisho wa neno haupo. Baba, ambaye siku hizo akili yake ilikuwa nzima kabisa, aliisikiliza akacheka.

"Huyu ni mke wangu siku anapokwenda kwa wakwe," akasema.

Mama, bandeji bado shingoni, akaandika kwenye tableti yake: *Inatosha. Atazoea.*

Lakini wapi! Kitinda kile kicheko kilimchoma. Alirudi ofisini akaufungua msimbo wa maktaba, yaani maandishi yanayoiendesha, akaanza kuupekua, na huko ndani akakuta amri moja yenye kistari chake cha chini, haimo kwenye mwongozo, inayoacha mkwaruzo wa sauti upite bila kusafishwa. Akaitumia. Matokeo yake hayakuwa faili la kuhifadhi kama lile linalotoka mlangoni. Yalibaki kwenye folda ya kazi ya wenyewe, humo humo ndani. Naye akaielekeza tableti ya Mama iwe inachota sauti kutoka folda hiyo.

Siku Mama alipogusa maandishi na sauti ile ikatoka, "Fundi, chai inapoaaa," Baba alisimama. Alinyoosha mikono mbele akamwendea, akamshika mabega, akalia kama mtoto. Nani angemlaumu Kitinda baada ya hapo? Mimi simlaumu. Nawaeleza tu ilivyokuwa.

Aliyemlaumu ni mwenzake wa ofisini, mzee mmoja mpole waliyemwita Mwongozo, kwa sababu ukimwuliza lolote, hata choo kiko wapi, jibu lake ni "umesoma mwongozo?" Kitinda alimwonyesha kazi ile kwa majivuno. Mwongozo aliisoma pole pole, akavua miwani.

"Dada, umeingia chumbani kwa watu bila hodi."

"Wakibadilisha nitarekebisha. Si ndiyo kazi yangu?"

"Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu, najua. Guu langu, Mzee."

"Si lako," Mwongozo akasema. "La mama yako."

Ilipita miaka miwili bila neno. Katika miaka hiyo macho ya Baba hayakubadilika, yalikuwa yameshakwenda. Kilichoanza kwenda ni kumbukumbu. Kwanza akasahau siku, kisha akawa anamwita mwanawe wa kwanza kwa jina la marehemu mdogo wake, kisha akawa anauliza redio za wateja ziko wapi, na duka lilishafungwa zamani. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamshika asielee: sauti ya Mwalimu. Ndivyo alivyomwita mkewe tangu uchumba, naye alimwita Fundi. Mwalimu akisema kula, anakula. Akisema hiyo ni dawa ya presha, meza, anameza. Mtu mwingine akimwambia, anabana midomo.

Asubuhi ile, basi, baada ya simu ya kaka, Kitinda alikwenda moja kwa moja kwenye tangazo la wenye maktaba. Lilikuwa fupi na la furaha. Tumejenga upya sehemu zote za ndani, lilisema. Sauti zilizotengenezwa kwa amri za wazi tumeshazihamisha sisi wenyewe, hamna haja ya kufanya lolote.

Akalisoma mara ya pili. Sauti zilizopita mlangoni zilihesabiwa, zikabebwa moja moja. Ya Mama haikuwa na jina kwenye daftari lolote, ilikuwa imelala kwenye chumba cha kazi kati ya makombo, na wenyewe walipohama walifagia. Tableti ilipoitafuta na kuikosa ikachukua sauti ya kiwandani. Ndiyo hiyo ya tangazo la benki.

Mwongozo alivuta kiti akakaa kando yake bila kuulizwa. Na nimsifu mzee wa watu: hakusema "nilikwambia."

"Nakala unayo?" akauliza.

"Ya folda yote ninayo."

"Basi tuirudishe maktaba ya zamani."

Wakairudisha. Ikafunguka vizuri, ikapokea maneno, ikaenda kubisha kwenye mashine za wenyewe. Jibu likaja: huduma hii haipo. Kitinda akabadilisha hiki, akabadilisha kile. Huduma hii haipo. Folda aliyoinakili ilikuwa mkononi mwake, nzima, haikupungua hata kipande, lakini yaliyoweza kuifungua ni yale mambo ya ndani ya zamani, nayo yalizimwa huko yalikokuwa. Ulikuwa ufunguo ambao kitasa chake kimeng'olewa. Alijaribu mpaka watu wakaondoka kula chakula cha mchana, wakarudi, wakamkuta palepale.

Akawaandikia wenyewe. Alieleza yote, mama, koromeo, baba asiyeona, dawa za presha. Aliomba, na Kitinda si mtu wa kuomba. Kesho yake akajibiwa na mtu mmoja ambaye hata jina kamili hakuweka, mtu anayeifanya kazi ile kwa kujitolea. *Pole sana kwa mama yako,* aliandika. *Sehemu ile hatukuwahi kumwahidi mtu, ndiyo maana haikuandikwa kwenye mwongozo. Na huo mkwaruzo unaousema kwetu ulikuwa kasoro. Tulihangaika muda mrefu kuuondoa, mfumo mpya hauna kabisa njia ya kuurudisha. Kama una rekodi za mwanzo, tumia amri za wazi, utapata sauti nzuri zaidi.*

Kasoro! Kitinda alitamani kumtukana mtu huyo. Alianza kuandika tusi, akafuta. Kakosa nini mtu wa watu? Kapanga upya chumba chake mwenyewe. Hasira ilimjaa na hakuwa na pa kuimwaga, na hasira ya namna hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, inamgeukia mwenyewe.

Rekodi za mwanzo alikuwa nazo. Akazipitisha mlango wa mbele, amri kwa amri kama mwongozo unavyotaka, na kabla kahawa haijapoa sauti ilikuwa tayari. Mwongozo akaisikiliza, kichwa kimeinama.

"Nzuri," akasema.

"Ndilo tatizo, Mzee. Nzuri."

Jioni akaipeleka nyumbani. Chumba cha wazee kilikuwa kama siku zote, kiti cha Baba karibu na dirisha, meza ndogo yenye visahani vya dawa, na Mama kwenye kochi amevaa tableti shingoni kwa mkanda. Macho yake yalikuwa mekundu. Baba alikuwa hajala kitu tangu jana isipokuwa nusu ya ndizi aliyodanganywa nayo na Kaka. Kitinda akaingiza sauti mpya. Mama akagusa maandishi.

"Fundi, ni mimi. Kunywa chai yako."

"Si ndiye huyu!" Kaka akapiga makofi. "Ni yeye mtupu!"

Baba aliinamisha sikio, lile sikio la fundi lililokuwa likijua redio ya mtu ina ugonjwa gani kabla haijafunguliwa. Wote wakamkodolea macho. Kitinda alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Hiyo redio imesafishwa vizuri," Baba akasema. "Stesheni gani hiyo?"

"Baba, ni Mama," Kitinda akasema. "Ni Mama anaongea."

Baba akatabasamu, tabasamu la adabu analopewa mtu baki. "Mwanangu, mimi na mama yako tumeishi pamoja kabla hujazaliwa. Usinichezee. Nendeni mkamwite."

Mama alishusha mikono kwenye mapaja. 

Kitinda akatoka nje, akasimama kwenye ngazi za mlangoni, na hapo ndipo ukweli ulipomkalia. Sauti hii ndiyo ileile ya siku ya kwanza. Siku ile Baba alicheka kwa sababu alijua ni mkewe. Angeizoea kwa wiki moja, angeitania kwa mwezi, na sasa ingekuwa ndiyo sauti ya Mwalimu kichwani mwake, yenye mlango wake, yenye watu wanaoilinda na kuibeba kila wanapohama. Mama alisema atazoea. Na angezoea kweli. Wakati huo alikuwa na akili ya kuzoea, sasa hana. Kitinda ndiye aliyeitumia miaka ile miwili kununua kitu ambacho hakikuwa kinauzwa. Alilia pale kwenye ngazi, majirani wakipita, wala hakujificha.

Hakukata tamaa mara moja, msinielewe vibaya. Mtu wa ufundi hakati tamaa, ndiyo maana mafundi wanachosha kuishi nao. Aliipitisha sauti mpya kwenye spika kuukuu iliyochanika, aone kama itapata mkwaruzo. Baba akasikiliza, akanyoosha mkono. "Spika hiyo imepasuka ngozi," akasema. "Niletee nikubadilishie, bei rahisi." Kaka akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka.

Siku iliyofuata Kitinda akakumbuka rekodi zenyewe, zile za jikoni, ambazo hakuna mashine iliyozipiga pasi. Alizisikiliza zote akitafuta "kunywa", akitafuta "dawa". Hayakuwemo. Waliotunga sentensi zile walifikiria bati na kofia, dawa hawakuifikiria. Lakini Baba alikuwa amelegea kwa njaa, na mtu akizama hushika hata jani. Akaicheza moja.

"Mvua ilinyesha juu ya bati jekunduuu," Mama akasema, Mama mwenyewe.

Baba akanyanyuka kitini. Uso wote ulifunguka. "Mwalimu! Uko wapi wewe? Nimekutafuta nyumba nzima!"

Rekodi haina jibu. Kitinda akacheza nyingine, na Mwalimu akasema yule ng'ombe hana haja ya kofia. "Ng'ombe gani?" Baba akauliza. Akaanza kutembea chumbani akipapasa, akagonga meza, visahani vya dawa vikaanguka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, anaita, "Mwalimu, mbona unanifanyia hivi? Toka basi." Mama alikuwa ameshamfikia, amemshika mkono, na Baba anausukuma mkono ule ili apite kwenda kumtafuta mwenye sauti.

Kitinda akazima. Hakuicheza tena. Daktari alipoitwa alisema atundikiwe maji siku hiyo, akasema pia hali ile ndiyo inavyokwenda, familia ivumilie. Kuvumilia hakuandikiwi cheti cha dawa, kila mtu anakutibu nako.

Ikabaki hivyo. Kitinda aliomba ruhusa kazini akawa anashinda nyumbani, na hakuwa na la kufanya. Alizoea kwamba kitu kikiharibika unakifungua. Hapa kulikuwa na sauti nzima isiyo na hitilafu, mama mzima ndani ya chumba, baba anayemtaka mama huyohuyo, na katikati pale hapakuwa na skrubu ya kulegeza. Alifua. Alifagia. Alikaa.

Alasiri moja alikuwa koridoni amebeba shuka za kukunja, akasikia sauti ile nyororo chumbani. Akasimama mlangoni. Mama alikuwa amesogeza kigoda karibu na kiti cha Baba, amemshika mkono. Baba aliuacha kidogo mkono wake humo, akaupapasa kwa kidole gumba, kisha akauondoa kwa upole na kuuweka pajani pake.

"Samahani, mama," akasema. "Wewe ni mtu mwema, nakusikia. Lakini mimi nina mke wangu."

Mama alimtazama.  Kitinda alitaka kuingia. Kisha Mama akaandika, akagusa.

"Ametoka kidogo," sauti ikasema. "Amenituma mimi. Amesema unywe dawa, anakuja."

Baba akageuza uso. "Amekutuma yeye?"

"Yeye mwenyewe. Amesema, mwambie Fundi asinitie aibu kwa wageni."

Baba akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. "Huyo ndiye," akasema. "Maneno yake hayo." Akafungua mdomo. Mama akamwekea kidonge ulimini, akamshikia glasi, akamfuta kidevu kwa ukingo wa kanga yake, kwa uangalifu wa mtu asiye wa nyumba hiyo, asije akazidisha. Kisha akamlisha, kijiko kwa kijiko, na Baba alikula chote.

"Asante, mama," Baba akasema alipomaliza. "Ukimwona, mwambie nimemkumbuka sana. Mwambie asikawie."

Kitinda alimwona mama yake akiandika neno, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye kioo cha tableti, akawa anayafuta kwa kiganja ili herufi zionekane.

"Nitamwambia," sauti ikasema, safi, haina mkwaruzo hata kidogo.